Mkanda wa Mlango wa Dereva

Jirani yangu alikuwa anafungua mikanda ya urembo ya magari kwa mwiko. Mwiko wa ugali, ule ule wa mkewe, aliouchonga ncha ikawa bapa. Mafundi wengine wote wa Pasua, hapa Moshi, tulichomeka bisibisi nyuma ya mkanda wa kromu tukavuta, ukitoka mzima sawa, ukipinda shauri yake. Yeye aliusukuma mwiko taratibu, kidole kwa kidole, ameinamisha sikio, mpaka klipu ya kwanza ikaachia, halafu ya pili. Mkewe alikuwa akilalamika kwamba kila baada ya miezi michache ananunua mwiko mpya, na nyumbani kwao watoto ni wawili tu. Jirani alimjibu kwamba mti haukwaruzi rangi. Hilo nililijua kabla yake, ila sikuwahi kulifanya, na tangu siku nilipomwona akilifanya nisingeweza tena kulifanya bila kuonekana namwiga.

Niseme mapema ili tusisumbuane: nilimwonea wivu mtu huyu miaka kumi na mitatu. Si wivu wa mchezo. Nilikuwa naamka nao, nanywa nao chai. Kumchukia nilishindwa, na hilo ndilo lililonichosha, kwa sababu ukimchukia mtu angalau unaweza kumpa mgongo.

Gereji zetu, kama kweli zilistahili kuitwa gereji, zilitenganishwa na ua wa mabati chakavu yenye matundu. Mimi nilitangulia kufika. Yeye alikuja wakati ule rangi na msasa kutoka nje vilipoanza kuonekana tena madukani, na magari yaliyokuwa yamelala migombani miaka mingi kwa kukosa vipuri yakaanza kuamka. Alitokea kule kwenye mashamba ya miwa, alikokuwa akichomelea matrekta, na kwao hasa ni mbali sana, magharibi. Mtu wa kuja. Shikamoo nilimpa, kwa kuwa alinizidi kama miaka kumi, lakini niliitoa kama mtu anayetozwa ushuru. Aliitika marahaba kwa furaha kabisa, kana kwamba hakuona kitu.

Kazi yetu ilikuwa moja na hatukufanana hata kidogo. Gari la siku zile lilikuwa na mkanda wa kromu ubavuni, umepita mlango hadi mlango, umeshikwa kwa klipu zilizochomekwa kwenye vitundu vya bodi. Huo ndio urembo wenyewe, na huo ndio ugonjwa wake. Tope na mvua za mlimani huingia nyuma ya mkanda, vikabaki humo, na kutu ikaanza kula kwenye vile vitundu huku kwa nje kromu inang'aa unaweza kunyolea ndevu. Mimi nilibandika utepe wa karatasi juu ya mkanda, nikafunika vioo kwa magazeti, nikapuliza rangi. Gari linaingia asubuhi, jioni mwenyewe anaondoka nalo anapiga honi. Yeye alifungua kila mkanda, akaulaza kwenye gunia kwa mpangilio, akasugua kwa brashi ya waya, akaja na msasa, mpaka chuma kikawa cheupe. Ndipo dawa ya kutu, ndipo praima nyekundu, tundu kwa tundu, kwa brashi ndogo ya kupakia gundi. Mwisho kabisa aliyeyusha vipande vya mishumaa ndani ya kopo na kuchovya kila klipu kwenye nta kabla ya kuirudisha, ili maji yasipate njia. Mishumaa alipewa na mtunza kanisa, mabaki ya altareni. Yeye mwenyewe hakuwa Mkatoliki wala hakuonekana kanisa lolote, lakini siku za kazi alinukia misa kutuzidi sote.

Gari lililoingia kwake Jumatatu lilitoka Ijumaa. Mwanzoni nilicheka. Nikajua atakufa njaa kabla ya mvua za vuli. Kumbe wateja wanapenda kusubirishwa, mradi wasubirishwe na mtu anayejua anachokifanya.

Halafu kulikuwa na lile la kiganja. Kabla ya kurudisha mkanda alimwita mwenye gari aje aone. Si kuona tu, alitaka aweke kiganja kwenye chuma, akipitishe taratibu, ahisi mwenyewe. Hata kama ni bwana mkubwa wa Bomang'ombe mwenye tai, alivuliwa saa na kuambiwa aweke mkono. Jirani alisema akishafunga hakuna atakayeona tena, kwa hiyo mwenye mali aone kabla hajafunga. Mtu akituma dereva, mkanda haukufungwa. Watu waliliona hilo jambo la ajabu, wakalipenda, wakalisimulia hadi Mawenzi. Kwangu hakuna aliyewahi kuombwa kuweka kiganja popote, na kusema kweli nisingethubutu.

Msidhani alikuwa malaika. Kwenye kutu alikuwa na subira ya ng'ombe, ila chai ikichelewa dakika tano alipiga teke ndoo. Alikula amesimama, kama anafukuzwa. Redio yake aliitukana kila taarifa ya habari, neno kwa neno, mpaka wapita njia wakadhani ana mgeni mkorofi ndani. Na baiskeli yake ilikuwa aibu: madigadi yametoboka, mnyororo unalia kutoka mtaa wa pili. Nilihakikisha kila mteja anaiona. Nilikuwa nasema kwa sauti ya kupita mabati, huyu ndiye bingwa wa kutu, tazameni usafiri wake. Siku moja alinijibu, bila hasira, kwamba baiskeli haina urembo, kutu yake inaonekana, na yeye anaogopa ile isiyoonekana. Wateja wangu wakacheka. Wawili kati yao mwezi uliofuata walikuwa upande wa pili wa ua.

Yote hayo ningeyameza. Lililonikaba ni baba yangu.

Baba alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa huko Kibosho, na wakati kahawa bado ni kahawa alinunua gari, saluni nyeupe, kutoka kwa daktari mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Aliipenda saluni ile kuliko alivyowahi kukiri. Kila Desemba, watoto wa ukoo wakirudi kutoka Dar na Nairobi, ilibidi iwe inang'aa ikisimama mbele ya kanisa siku ya Krismasi. Mimi ndiye kitinda mimba wake, na mimi ndiye fundi wa rangi. Kwa hiyo aliniletea mimi, na nikaifanyia kama nilivyowafanyia wengine: utepe, magazeti, rangi, jioni twende.

Miezi minane baadaye alishuka nayo tena. Kandokando ya mikanda yote rangi ilikuwa imevimba vipele vipele, na ukikigusa kipele kinamwaga unga wa kahawia. Nilikuwa na wateja, tena watu wazito, na nyuma ya mabati nilijua fika nani anasikiliza. Baba alinionyesha kwa kidole, hakusema neno baya. Nikaona haya, na haya yakageuka ukali. Nikamwambia mbele ya wote:

"Baba, huu ni mkweche. Kauze chuma chakavu, tusipotezeane muda."

Aliingia ndani ya gari, akalirudisha nyuma kwa uangalifu, akasogea kama hatua arobaini, akapiga honi mbele ya geti la jirani.

Kuanzia hapo kila Desemba, miaka kumi na mmoja, nilimwona baba yangu kupitia matundu ya mabati. Alinisalimu kwanza, siwezi kumsingizia. Shikamoo baba, marahaba, hamjambo, hatujambo. Basi. Kisha anaingia kwa yule, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Jirani alikuwa amejifunza Kichagga vilabuni, akikivunjavunja vibaya sana, na baba alikuwa akimsahihisha huku anacheka mpaka anakohoa. Baba yangu huyo, mtu wa kupima maneno kama anavyopima kahawa. Alimletea mkungu wa ndizi za mtori. Alimletea pombe ya mbege kwenye galoni. Mimi mwanawe nilikuwa hatua chache, napuliza rangi, pua imejaa vumbi. Niliwaza: mtu wa kuja huyu, hata kihamba, shamba la ukoo, hana, amenichukulia baba kwa mwiko.

Mke wangu aliliona kabla yangu. Aliniambia chukua jani la isale upande mlimani. Kwetu ukimkosea mtu, hasa mkubwa wako, unamchumia jani hilo kutoka kwenye ua wa kihamba na kumpelekea mkononi. Ukishalitoa, huna haja ya hotuba, naye hawezi kukataa kusamehe. Na aliyekosewa hawezi kuliomba mwenyewe, ni lazima aletewe. Nilimjibu mke wangu kwamba sijamkosea mtu, aliyehama ni yeye. Tulikutana na baba misibani na sikukuu, tukala ndafu moja, tukaongea habari za mvua. Ua wa isale ulikuwa nje ya dirisha lake. Nilikuwa naupita kila nikienda na kila nikirudi.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho cha kujifariji. Nilikuwa nahesabu mikanda. Saluni ya baba ilikuwa na milango minne na mikanda minne, na kila mwaka kwenye gunia la jirani ililala mitatu. Wa mlango wa dereva hakuufungua. Alichukua kopo lenye mdomo mwembamba, akamimina oili chafu nyuma yake tone kwa tone, akafuta kwa kitambaa, akaendelea na mengine. Na yeye na baba walipofika kwenye mlango ule walikuwa wanasimama kidogo na kunong'ona. Nilifurahi mno. Nikawaambia watu kwamba bingwa anafanya robo tatu ya kazi na kumdanganya mzee wa watu kwa oili. Wengine waliniamini.

Mwaka mmoja furaha hiyo haikunitosha. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, mikanda mitatu iko kwenye gunia, klipu zake zimo ndani ya kopo la maziwa ya unga zikingoja nta. Klipu za gari lile hazikuwa zinapatikana tena, si Moshi wala Arusha. Jirani aliingia ndani kula. Nikapitisha mkono kwenye bati lililopasuka nikalichukua kopo, nikalificha chini ya kiti cha gari bovu lililokuwa kwangu. Nilitaka baba aende kanisani na gari lenye matundu ubavuni. Nilitaka amwone fundi wake.

Alitafuta siku nzima. Aligeuza gunia, akageuza ndoo, akamuuliza mkewe. Mimi hakuniuliza. Kesho yake asubuhi nilisikia koleo linakata, nikachungulia. Alikuwa ameipindua baiskeli yake na kung'oa spoku za gurudumu la nyuma, moja baada ya nyingine. Alizikata, akazikunja, akazijaribu kwenye tundu, akazichovya kwenye nta. Jioni baba aliweka kiganja chake, mikanda ikafungwa, na siku ya Krismasi saluni nyeupe ilisimama mbele ya kanisa kama kawaida. Baba alituambia mezani, anacheka, kwamba fundi wake amezeeka, amepoteza klipu zote, mwaka huu kamwekea spoku. Jirani alitembea kwa miguu mpaka katikati ya Januari. Nilikuwa nikimwona anapita asubuhi na vumbi hadi magotini, na hata hiyo miguu niliionea wivu, maana sijui kama ningeweza kutembea hivyo kwa ajili ya baba yangu mwenyewe.

Miaka ikaenda. Magari ya Kijapani yaliyotumika yakafurika mjini, na mikanda yake ni ya plastiki, imebandikwa kwa gundi, haina klipu wala tundu. Wenye magari wakawa vijana, hakuna aliyetaka kusubiri Ijumaa. Mimi na haraka zangu nikapata kazi kuliko zamani. Yeye akakaa siku nzima na redio. Ningepaswa kufurahi, na nilijaribu. Halafu macho yake yakaingia mtoto wa jicho, akawa anakijua chuma kwa kidole tu, na geti lake likaanza kufunguliwa siku moja moja.

Baba alifariki masika moja, kwa kichomi, akiwa kitandani kwake. Jirani alikuja mazishini akishikwa mkono na mkewe, akatupa udongo wake, akarudi nyuma ya watu. Sikwenda kumsalimu. Kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo nikabaki na nyumba, na kihamba, na ua wa isale, na gari.

Miezi ikapita nikasikia anaondoka. Mkewe alikuwa anauza masufuria, wanarudi kwao magharibi. Usiku sikulala vizuri, na asubuhi, bila kumwambia mke wangu kwa sababu angesema kitu, nilichuma jani la isale, nikalichukua kopo la klipu nililokuwa nimelihamishahamisha miaka yote, nikashuka Pasua na saluni ya baba.

Alikuwa amekaa nje juu ya stuli, jua linampiga usoni. Nikampa shikamoo. Kwa mara ya kwanza niliitoa yote. Nikamwekea jani mkononi, na kopo juu ya goti. Alilitikisa kopo kidogo, klipu zikalia, akatabasamu.

"Nilijua ziko salama," alisema. "Mtu wa kazi yetu hatupi klipu."

Nikamwambia nilimtia hasara ya baiskeli. Akasema baiskeli ile ilikuwa mbovu, si nilikuwa nawatangazia watu mwenyewe? Kisha akalipapasa jani, akalifuata kwa kidole kutoka kwenye shina mpaka kwenye ncha. Akauliza kama nimekuja na gari. Nikamwambia lipo getini. Akainuka, akatangulia, akalitafuta kwa kiganja: buti, mlango wa nyuma, mpaka akafika mlango wa dereva. Hapo akasimama, kama walivyokuwa wakisimama wawili.

"Huu sijawahi kuufungua," alisema. "Mzee alikataa. Mwaka wa kwanza kabisa aliniambia, fanya hiyo mitatu, huu wa dereva ni wa mwanangu, siku atakapokuja na jani."

Yeye akaendelea, polepole, kwa sauti ya kawaida tu. Alimwambia mzee kutu haisubiri watu wapatane, mzee akasema basi ifanyie dawa ya kusubiri, ndipo akaja na ile oili. Kila mwaka alimuuliza, nimwite? Yuko hapo tu, nyuma ya bati.

"Akasema hapana. Nikimwita atakuja kwa sababu nimemwita."

Nililia hapo, getini kwake, mchana, watu wanapita na ndoo zao. Na hata katikati ya kulia, niseme ukweli, wivu haukuniacha. Miaka kumi na mmoja mtu huyu alikuwa amekaa na neno la baba yangu, neno langu mimi, na kulitunza vizuri kuliko ambavyo ningelitunza. Alinishinda hata kwa hilo.

Alimwita mkewe alete mwiko. Ulikuwa umefungwa na masufuria ya safari, ukafunguliwa. Akanipa mimi. Nikausukuma nyuma ya mkanda, kidole kwa kidole, nimeinamisha sikio, na klipu ya kwanza ikaachia. Chini yake palikuwa peusi kwa oili, na ndani ya weusi huo, umenyooka mlango mzima, ulikuwepo ukingo wa utepe wangu wa karatasi wa siku ile, na rangi yangu nyeupe juu yake. Sikuwa nimeubandua hata vizuri. Kutu ilikuwa imeanza chini ya utepe na kuishia palipoishia oili. Tundu moja tu lilikuwa limeliwa, ukubwa wa punje ya haragwe.

Nilisugua mpaka saa nane. Jirani alikaa kwenye stuli yake, anasikiliza msasa, mara mbili akaniambia rudia hapo, na mara zote mbili alikuwa sahihi. Nikapaka dawa, nikapaka praima, tukangoja ikauke. Mkewe alitafuta kipande cha mwisho cha mshumaa. Nikachovya klipu za kopo kwenye nta, zile zile za wizi, zikalingana na tundu kama zimezaliwa humo. Nikauinua mkanda niufunge.

"Umemwita mwenye gari?" aliuliza.

Nikamwambia mwenye gari yuko Kibosho, kaburini, chini ya isale.

Kisha akanirudishia jani langu. Alisema yeye alishamaliza na mimi tangu ile wiki ya spoku, jani hili halina kazi kwake, na kule kwao anakokwenda hawalijui. Nikamuuliza mkanda je. Akasema ninajua yeye anafungaje kazi.

Nikaulaza mkanda kwenye kiti cha nyuma, na kopo la klipu kando yake, na jani juu. Nikapanda mlimani na mlango wa dereva ukiwa bila mkanda, chuma chekundu nje, ili mwenyewe aone kabla sijafunga.